Miaka Mizuri ya Ekipe Yetu: Tunakumbuka Nini, Tunasahau Nini?



Kila siku ya Mungu, Misa ya pili ikiisha, wazee wachache wa parokia hukaa chini ya mwembe, karibu na uwanja wa shule. Mwembe ule ndio baraza lao. Hawaongei juu ya bei ya unga, wala juu ya mvua. Wanaongea juu ya mpira. Tena hawaongei juu ya mchezo wa jana ao wa kesho. Wanaongea juu ya Englebert na mwaka wa 1967. Wakichoka na 1967, wanapita kwa 1968. Walio vijana kidogo kati yao wanangoja zamu yao, halafu wanaanza 2010: Abu Dhabi, Kidiaba akirukaruka juu ya matako yake, na watu wa dunia nzima wakiuliza Lubumbashi iko wapi.

Sisi tunapenda kuwasikiliza. Lakini hapa karibuni jambo moja lilitokea, nalo limetufanya tushike kalamu.

Watoto wa parokia yetu walikuwa wanacheza na watoto wa parokia ya jirani. Mlinzi wa lango wetu alikuwa kijana wa miaka 14, mrefu, mwembamba, mwenye haya. Bao la kwanza lilipita katikati ya miguu yake. Bao la pili alilitazama tu likiingia. Hapo mzee mmoja akasimama chini ya mwembe, akapiga kelele: «Weye mtoto! Kazadi angeushika mpira ule kwa mkono mmoja, huku anakula muhogo!» Watu wakacheka. Na sisi tulicheka. Kijana akamaliza mchezo, akavua jezi, akaitundika juu ya nguzo ya lango, akaenda zake. Tangu siku ile hajarudi uwanjani.

Basi tukajiuliza: masimulizi haya tunayoyapenda hivi, yanatujenga ao yanatubomoa? Tunataka kuyapima leo, sawa na mtu anayepima kitabu: tuseme uzuri wake, halafu tuseme makosa yake, bila kuogopa na bila kudharau.

UZURI WAKE

Kwanza tuseme haki. Wazee hawasemi uongo wakisema kwamba ekipe ile ilikuwa kubwa.

Mwaka wa 1939, Mapadri Wabenedikto waliosimamia masomo ya Mtakatifu Bonifasi mjini Elisabethville walitaka vijana wasioelekea upadri wapate kazi nzuri ya kufanya saa za mapumziko. Wakawaundia ekipe ya mpira, wakaiita Mtakatifu Georgi. Baadaye ikaitwa Mtakatifu Paulo. Halafu wakaingia wachezaji wasiokuwa watu wa masomo, na wamisionari wakauacha uongozi. Ikachukua jina la Englebert, jina la kiwanda cha mipira ya magari. Mwaka wa 1966 ilishinda shampiona bila kufungwa hata mara moja, na ndipo watu walipoipa jina la «Tout Puissant», ndiyo kusema Mwenye Nguvu Zote. Mwisho likaja jina la Mazembe, tunalolijua leo. Vazi lake ni jeusi na jeupe. Kwa hiyo wachezaji wake wanaitwa Kunguru.

Ekipe hiyo ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika la 1967, ikalichukua tena la 1968. Miaka mingi ilipita bila ekipe nyingine kulichukua mara mbili kwa kufuatana, mpaka Enyimba ya Nijeria ilipofanya hivyo ndani ya 2003 na 2004. Hilo si jambo dogo. Mtoto wa Katuba ao wa Kamalondo akisikia habari hiyo, anajua kwamba mji wake haukuwa shimo la shaba tu. Anajua kwamba watu waliotoka ndani ya vichochoro vile vile anavyopita yeye walisimama mbele ya Afrika yote wakaheshimiwa.

Huo ndio uzuri wa masimulizi ya wazee. Yanampa mtoto mahali pa kusimama. Mtu asiyejua walikopita babu zake hutembea kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo tusije tukasema kwamba wazee wanyamaze. Hapana. Tunataka waseme zaidi, tena waseme yote.

KOSA LA KWANZA: YANAKATA HABARI

Hapa ndipo makosa yanapoanza. Masimulizi ya chini ya mwembe yanachagua. Yanachukua nyama na kutupa mifupa.

Muulize mzee namna gani tulivyopata kombe la 1967. Atakuambia: tuliwapiga Kotoko wa Ghana. Kumbe hatukuwapiga. Mchezo wa Kumasi uliisha bao moja kwa moja. Mchezo wa Kinshasa uliisha mabao mawili kwa mawili. Ikaamriwa mchezo wa tatu, huko Yaoundé ndani ya Kameruni. Kotoko hawakufika. Kombe likapewa Englebert. Ni kombe la haki, hakuna anayeweza kulinyang'anya. Lakini halikupatikana kwa namna tunayoisimulia.

Mwaka uliofuata ekipe iliifunga Étoile Filante ya Lomé mabao 5 kwa 0. Hayo tunayajua wote. Je, ni nani anayesimulia mchezo wa kurudiana? Huko Lomé tulifungwa mabao 4 kwa 1. Kama zile bao tano zisingalikuwako, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine kabisa.

Na baada ya 1968? Chini ya mwembe, hadithi inaruka. Lakini Englebert ilifika mchezo wa mwisho wa kombe hilo mara nne kwa kufuatana. Lile la 1969 lilichukuliwa na Ismaily wa Misri: mabao mawili kwa mawili Kinshasa, halafu tatu kwa moja kwao. Lile la 1970 lilichukuliwa na Kotoko wale wale. Safari hii walitoka sare Kumasi, bao moja kwa moja, halafu wakaja Kinshasa wakashinda mbili kwa moja, mbele ya watu wetu wenyewe.

Sisi tunaona kwamba habari hii nzima ni nzuri kuliko ile iliyokatwa. Ekipe iliyofika mara nne, ikashinda mara mbili na kushindwa mara mbili, ni ekipe ya watu. Mtoto anaweza kuifuata. Ekipe isiyofungwa kamwe ni ya malaika, na mtoto hawezi kujifunza kitu kwake, isipokuwa kujiona yeye ni takataka.

KOSA LA PILI: YANAPAKA ASALI JUU YA MIAKA MICHUNGU

Wazee wanasema: «Siku zile maisha yalikuwa matamu.» Hebu tuangalie siku zile.

Mwaka wa 1967 ndio mwaka ambao serikali ilichukua mali ya Union Minière. Ndio mwaka ambao franka ilibadilishwa ikawa zaire, franka 1000 kwa zaire moja. Ndio mwaka ambao askari wa kukodiwa wa Schramme walishika Bukavu tangu mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi na moja, na watu wakakimbia na vitanda vichwani. Vita ya kujitenga kwa Katanga ilikuwa imeisha 1963 tu. Kulikuwa na nyumba ambazo kilio kilikuwa hakijanyamaza. Huo ndio utamu?

Lakini tusiwacheke wazee. Tunajua wanatafuta nini ndani ya miaka ile. Walikuwa vijana. Magoti hayakuuma. Tena kulikuwa na kazi: baba alitoka asubuhi na sirene, akarudi jioni, na mwisho wa mwezi mshahara ukafika. Halafu hayo yote yaliondoka mbele ya macho yao. Ndani ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa wa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka wa 1991 maduka yaliporwa ndani ya miji mingi ya inchi. Kabla miaka ile ya 1990 haijaisha, shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka chini ya tani 50.000. Mtu aliyeona hayo akisema «Englebert», mara nyingi hasemi juu ya mpira. Anasema juu ya mfuko wa unga uliofika nyumbani kwa wakati wake. Anasema juu ya ada ya masomo iliyolipwa.

Ni kilio cha haki. Lakini kilio hicho kikivaa jezi ya mpira kinapotea njia. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani waliwaza samaki na vitunguu vya Misri, wakasahau matofali na fimbo. Hawakuwa waongo: vitunguu vilikuwako kweli. Kosa lao ni kwamba walikumbuka chungu tu, hawakukumbuka mgongo. Na sisi tukilia juu ya 1967 kama mwaka wa asali, tutashindwa kusema waziwazi kitu tunachokikosa leo. Mtu anayekosa kazi aseme anakosa kazi. Asiseme anakosa Englebert.

KOSA LA TATU: YANAWAPIGA VIJANA

Hili ndilo kosa kubwa, nalo ndilo lililotuumiza.

Turudi kwa kijana wetu wa mlangoni. Mzee alimpiga kwa jina la Kazadi. Ni jina kubwa kweli. Kazadi Mwamba alilinda lango la Mazembe, akalinda lango la inchi yetu, akashinda nayo kombe la mataifa ya Afrika. Lakini tumfuate mpaka mwisho wa habari yake. Mwezi wa sita wa 1974, huko Ujerumani, ekipe yetu ilikuwa ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika kombe la dunia. Ndani ya mchezo wa pili ilikutana na Yugoslavia. Kabla ya dakika ya ishirini Kazadi alikuwa amekwisha kufungwa mabao matatu. Mwalimu wa ekipe akamtoa, akamwingiza mwingine. Na huyo mwingine akafungwa sita. Mchezo uliisha mabao 9 kwa 0.

Je, Kazadi alikuwa mlinzi mbaya? Hata kidogo! Wachezaji walikuwa wameingia uwanjani na mioyo iliyovunjika, kwa maana walisikia kwamba fedha walizoahidiwa hazitawafikia. Wakataka hata kukataa kucheza. Mikono ya Kazadi ilikuwa ile ile iliyosifiwa Afrika nzima. Lakini hakuna mikono inayotosha siku ambayo kila kitu nyuma yake kimevunjika.

Kama mzee wetu angalimsimulia kijana habari hii! Angalimwita pembeni, baada ya mchezo, akamwambia: «Njoo hapa, mtoto wangu. Weye umefungwa mawili leo. Kazadi alifungwa matatu mbele ya dunia yote, wakamtoa kama mtu anayefukuzwa kazini. Hata hivyo hakukosa kuwa Kazadi.» Kijana angalirudi kesho yake. Jina lile lile lililompiga lingalimsimamisha. Tofauti haiko ndani ya jina, iko ndani ya namna tunavyolitumia. Sifa za wakubwa ni sawa na fimbo ya mzee: unaweza kumwegemeza nayo mtoto anayejifunza kutembea, tena unaweza kumvunja nayo mguu.

KOSA LA NNE: HAYAONI KILICHO MBELE YA MACHO

Wazee wengine husema: «Siku zetu walicheza wana wa hapa. Leo ni wageni watupu.» Tupime neno hili.

Mwaka wa 2015 Mazembe ilichukua kombe la mabingwa kwa mara ya tano, ikiifunga USM Alger ya Aljeria kwao na kwetu. Mbwana Samatta alifunga bao mjini Alger, akafunga tena Lubumbashi. Huyu ni Mtanzania. Mwenzake Thomas Ulimwengu ni Mtanzania vilevile. Kalaba ni wa Zambia. Na nyuma yao, langoni, alisimama Kidiaba wetu. Je, kombe lile lilikuwa na harufu ya ugeni? Watu wa Kenya na Kamalondo waliimba usiku kucha, na hatukusikia mtu akiuliza pasiporti. Tena mji wetu wenyewe, tangu mwanzo wake, umejengwa na watu waliotoka mbali kuja kuchimba shaba. Tusidai juu ya uwanja wa mpira kitu ambacho hatujakiona kamwe ndani ya mitaa yetu.

Jambo la 2010 nalo lina somo. Ekipe ilifika Abu Dhabi bila Trésor Mputu, nyota yake kubwa, kwa sababu alikuwa amefungiwa na FIFA. Watu wengi walisema: bila Mputu ni bure. Ikaifunga Pachuca ya Meksiko bao 1 kwa 0. Ikaifunga Internacional ya Brazili 2 kwa 0. Ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika mchezo wa mwisho wa kombe la dunia la klabu, hata kama Inter ya Milano ilitufunga huko mabao 3 kwa 0. Siku zile zile wazee walikuwa wanaomboleza kwamba mpira umekufa. Leo 2010 imekuwa nayo mwaka wa dhahabu! Ndiyo kusema tulikuwa ndani ya miaka mizuri, nasi tulikuwa tunalilia mingine.

Na hapa tuwaulize wasomaji swali moja. Kombe la mwisho la mabingwa wa Afrika lililochukuliwa na Mazembe ni la mwaka gani? Wengi watajibu: 2015. Wamekosea. Ni la 2024. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule, huko Moroko, wanawake wa Mazembe waliifunga AS FAR, ekipe ya inchi ile ile, bao 1 kwa 0, wakawa mabingwa wa Afrika. Chini ya mwembe wetu hatujasikia hata mara moja kombe hilo likihesabiwa. Wasichana wale wamevaa jezi ile ile nyeusi na nyeupe, wamelia machozi yale yale. Mtu anayelilia ushindi, na ushindi ukibisha hodi mlangoni hafungui kwa sababu umevaa kitambaa kichwani, huyo hataki ushindi. Anataka ujana wake tu.

KOSA LA TANO: YANAPENDA JINA, YANAMSAHAU MTU

Hili tunalisema kwa uchungu, na ni la inchi nzima, si la Lubumbashi peke yake.

Ndaye Mulamba wa Vita Club alifunga mabao 9 ndani ya kombe la mataifa ya Afrika la 1974, huko Misri. Zaidi ya miaka 50 imepita, na hakuna mchezaji aliyefikisha hesabu hiyo ndani ya shindano moja. Watu wakasema jina lake kila mahali. Mwaka wa 1994 aliitwa Tunisia, akapewa heshima. Aliporudi, watu wenye silaha walimvamia wakidhani ana mali, wakampiga risasi ya mguu. Akakimbilia Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1998 habari zilienea kwamba amekufa, na uwanjani huko Burkina Faso watu wakasimama kimya kwa dakika moja kwa kumlilia. Kumbe alikuwa hai, ndani ya umaskini, mbali na kwao. Alikufa kweli mwaka wa 2019, mjini Johannesburg.

Tufikiri kidogo. Watu walimpa dakika ya kimya alipokuwa hai, wasimpe mkate. Je, huo ndio ukumbusho? Kumbukumbu ya namna hii inahitaji mtu awe amekufa, ili asiharibu hadithi kwa njaa yake.

Na Mwepu Ilunga, mtoto wa Lubumbashi, mchezaji wa Mazembe? Dunia nzima ilimcheka mwaka wa 1974, alipotoka mbio ndani ya ukuta na kuupiga mpira kabla Wabrazili hawajaupiga. Wakasema: tazameni, Mwafrika hajui sheria. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua vema. Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu, kwa maana baada ya mabao tisa ya Yugoslavia walikuwa wametishwa na watu wa rais wasifungwe sana tena. Alikufa mwaka wa 2015. Ni wangapi kati yetu waliomtembelea kumuuliza habari hiyo kinywani mwake, badala ya kucheka pamoja na wale waliomcheka?

JIBU LA WAZEE

Tulipokuwa tunaandika maneno haya tulimsomea mzee mmoja wa mwembeni. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: «Mmeandika vizuri, wanangu. Lakini mnataka kutunyang'anya kitu cha mwisho tulicho nacho. Kazi imekwisha, meno yamekwisha, wake zetu wengi wako makaburini. Mkituondolea 1967, tutabaki na nini?»

Neno lake lilitunyamazisha. Hatukuwa tumelifikiri. Kweli, kuna mtu ambaye furaha yake yote imebaki nyuma, na si haki kumwendea na kalamu ya kuhesabu mabao.

Lakini tulimjibu hivi: Baba, hatutaki kukunyang'anya 1967. Tunataka utupe sisi. Sasa hivi unaikalia kama mtu anayekalia sanduku. Kila siku ya Mungu unafungua kifuniko, unatuonyesha kinachong'aa, unafunga tena, na watoto wanarudi nyumbani mikono mitupu. Wewe ulikuwa uwanjani, uliona mchezaji aliyekosa bao na kulia. Ulijua aliyecheza bila viatu, aliyetoka kazi ya usiku akaingia uwanjani mchana. Tuambie hayo. Siku utakapokwenda, hayo yatakwenda nawe, na sisi tutabaki na hesabu tu, ambayo hata mtu wa Ulaya anaweza kuisoma.

Mzee akacheka. Akasema atafikiri.

TUFANYE NINI?

Sisi tunaona mambo matatu, nayo yanawezekana ndani ya kila parokia.

La kwanza: tuandike. Vijana wa masomo wachukue madaftari, wakae chini ya mwembe, waandike habari za wazee, pamoja na siku za kufungwa. Habari isiyoandikwa hunenepa kila mwaka mpaka haitambuliki.

La pili: tuwatafute wachezaji wa zamani walio hai kati yetu, hata wale wa ekipe ndogo za mitaa. Wengine wanakaa njia mbili tu kutoka kanisani, wagonjwa, bila mtu wa kuwachotea maji. Kabla ya kuimba jina, tubishe hodi.

La tatu: tutunze uwanja. Mapadri wa 1939 hawakuanza na kombe. Walianza na watoto wa masomo, mpira mmoja na saa za mapumziko. Miaka 28 ilipita kabla ya kombe la 1967. Uwanja wetu wa shule una shimo katikati, na nusu yake imelimwa mahindi. Tunalilia mavuno ya babu zetu, na jembe lao tumeliacha lioze mvuani.

Tunamaliza na kijana wetu. Jezi yake tuliichukua pale juu ya nguzo, ikafuliwa, iko ofisini mwa parokia, ndani ya kabati. Tumekwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza alijificha. Mara ya pili alitusikiliza habari ya Kazadi na Yugoslavia bila kusema neno; mwishoni aliuliza swali moja tu: «Na baada ya pale, Kazadi alicheza tena?»

Tulimwambia ndiyo. Hakujibu, lakini alitusindikiza mpaka njiani.

Tulicheka pamoja na wengine siku ile, kwa hiyo deni hili ni letu pia. Jezi inangoja. Na mzee aliyepiga kelele ametuuliza, kwa sauti ndogo, nyumba ya kijana yule iko wapi.